Jino la Jicho

Kama unasoma haya ukiwa umeshika shavu, soma upesi, kisha inuka uende. Mimi nilikaa. Nilikaa mpaka jicho langu la kushoto likafumba lenyewe, nikafika hatua ya kuagana nalo. Leo naandika nikiwa na macho yote mawili. Nikiwa peke yangu hufumba moja na kufungua lingine, kwa zamu, kama mtoto aliyepewa tochi, na furaha inayonipata sijui niiweke wapi. Nimeona niiweke hapa, huenda ikamfaa mwingine.

Naitwa Mafuru, nina miaka arobaini na kitu, na kazi yangu ni kushona nyavu. Nilimaliza kidato cha nne, wazazi wakategemea nitakaa mezani, lakini miguu yangu haikujua meza. Nimezunguka ziwa hili karibu lote. Kila mwalo wa wavuvi niliofika niliuhama, na kila niliouhama nimeukumbuka: dagaa walioanikwa juu ya mawe, redio inayokoroma kwa betri kuukuu, watu wanaotaniana kwa lugha nne. Nyumbani kwangu ni Makoko, Musoma, kwa mke wangu Tereza. Mama yangu yuko Nyasura, Bunda.

Kazi yangu inafuata mwezi. Mwezi ukiwa gizani mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na karabai zake. Mbalamwezi ikirudi, dagaa hawaifuati taa tena, mitumbwi inapumzika, na nyavu zinaletwa kwangu zikiwa na matundu ya kupitisha mbuzi. Kwa hiyo hata ugonjwa wangu naukumbuka hivyo, kwa giza na kwa mbalamwezi.

Sasa nikueleze lile jino. Miaka ile ya shida, mwanzoni mwa themanini, dukani hakukuwa na sabuni, hakukuwa na dawa ya meno, hata wembe ulikuwa haupatikani. Aliyepata wembe alinyolea, akamwazima jirani, ukarudi umeota kutu. Nani angethubutu kuukatia uzi wa nyavu? Sisi mafundi wa mialoni tulikata kwa meno. Unafunga fundo, unavuta uzi, unaulaza kwenye chonge la juu, unageuza kichwa kidogo, uzi umekatika. Ikawa ndiyo sifa ya ufundi. Mtu akiulizia kisu tulimcheka, tukasema huyo bado ana meno ya maziwa. Chonge langu la kushoto lilijichonga mfereji mwembamba mahali ambapo uzi ulikuwa ukilala. Shabani, tajiri wa mitumbwi niliyemshonea zaidi, alipenda kuwaonyesha wageni.

"Mafuru, hebu cheka kidogo," alikuwa akisema. "Mnaona? Huyu mtu ana mkasi mdomoni. Akifa nitamwomba mkewe anipe lile jino nilitundike dukani."

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Musoma yakajaa, mitumba ikapangwa chini kila kona, nyembe zikauzwa hadi na watoto. Nyavu mpya zikaingia kutoka nje, nyavu za sangara, uzi wake mgumu kama waya. Ningeweza kununua wembe wakati wowote. Haikunijia hata siku moja. Mkono wangu ulipofunga fundo, kichwa kilikuwa kimeshainama.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nililaza uzi ule mgumu kwenye chonge, nikageuza kichwa, nikasikia mlio ndani ya fuvu langu kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Uzi haukukatika.

Maumivu yaliyofuata sitayaeleza sana, ukiyajua unayajua. Maji ya baridi yaligeuka kisu. Upepo wa ziwa nilioupenda tangu utotoni nikawa naukwepa kwa kufunga mdomo. Jirani akanipeleka Nyakato kwa fundi mmoja wa wadudu wa meno. Alichoma mbegu za ndulele juu ya kigae, akanifunika blanketi, akanipa bua la mpapai nivute moshi, huku mbele yangu pakiwa na beseni la maji. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka. Aliponifunua, kwenye maji palielea vidude vyeupe vidogo.

"Hao wametoka," alisema. "Walikuwa wanakula pole pole."

Wiki chache baadaye jino lilinyamaza. Kabisa. Nilikunywa maji ya mtungini kwa fujo, nikaenda mwaloni, nikaimba, nikamwambia Shabani mkasi umepona. Tereza peke yake hakufurahi. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Baba Magesa, hilo jino limekufa."

"Limepona."

"Kitu kilichopona hakibadilikagi rangi. Mbona limekuwa kama majivu?"

Nilimwambia ni moshi wa ndulele. Ukikuta jino lililokuwa linapiga kelele limenyamaza ghafla bila kutibiwa, usicheze ngoma kama mimi. Hilo ndilo ningependa ulikumbuke, hata kama mengine utayasahau.

Masika yakapita na jino kimya. Kiangazi kilipoingia, wakati barabara za Bunda zinapoota pamba pembeni kwa yale mabaki yanayodondoka kwenye malori, nilikwenda Nyasura kumsalimia mama. Nilikuwa na kijipu kidogo juu ya ufizi, kinapasuka chenyewe, chenye ladha ya chumvi. Sikukijali. Siku ya pili shavu lilianza kupanda pembeni mwa pua. Siku iliyofuata mdomo wa juu ulinyanyuka, na ule mkunjo wa kando ya pua ukafutika. Kisha kope la chini likajaa maji, na asubuhi nilipoamka nusu ya chumba haikuwepo.

Mama aliniletea kioo. Upande mmoja nilikuwa mimi. Upande mwingine alikuwa mtu mnene, anayeng'aa, nisiyemjua, aliyefumba jicho kama anayenikonyeza. Nilikuwa na homa, meno yalikuwa yakigongana juani, na harufu ya mdomo wangu mwenyewe ilinifanya nigeukie ukutani mama alipoleta uji.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kwetu chonge la juu huitwa jino la jicho. Nimelelewa nikiambiwa kwamba mshipa wake unapanda moja kwa moja hadi kwenye mboni, na anayeling'oa ameng'oa na taa. Ushahidi tulikuwa nao ndani ya ukoo: mjomba Wambura wa Butiama, kaka yake mama, jicho lake la kushoto ni jeupe kama ganda la yai. Kila harusi na kila msiba tuliambiwa, mnamwona mjomba wenu, aling'olewa jino, jicho likafa. Mshona nyavu mwenye jicho moja hashoni nyavu. Haoni kimo cha tundu, haoni fundo liko mbele au nyuma. Kwa hiyo niliogopa koleo la daktari kuliko nilivyoogopa homa.

Tereza alisikia habari akaja kutoka Makoko, akaniangalia mara moja, hata mzigo hajautua.

"Mama, huyu ana homa. Twende naye hospitali."

"Hospitali watafanya nini zaidi ya kung'oa?" mama alisema. "Wakishang'oa na jicho likafa, nyavu utamshonea wewe?"

"Lakini mama, jicho si limeshafumba?"

"Limefumba kwa sababu mshipa umeguswa. Ndicho ninachosemaga siku zote. Lisiguswe tena."

"Basi tumwulize mwenyewe."

Waliniuliza. Nilitoa mlio fulani, maana taya lilikuwa halifunguki.

"Umesikia?" mama alisema. "Amekataa."

"Amekubali, mama. Mimi ndiye ninayelala naye, namjua akikubali."

Ningecheka kama ningeweza. Tereza hajawahi kumpandishia mama sauti, wala siku ile hakupandisha, alianza tu kukunja kanga yangu ya kujifunikia, tayari kwa safari. Mama naye hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu anayeona mtoto wake akipelekwa kwenye shimo ambalo kaka yake alitumbukia. Mwishowe alisema, "Twende Butiama. Kaka akimwambia kwa kinywa chake kwamba ang'oe, ang'oe. Mimi nitanyamaza."

Tereza alikubali kwa sababu ilikuwa ndiyo njia pekee ya kunitoa kitandani.

Mjomba Wambura tulimkuta uani anachambua pamba, nyeupe upande huu, chafu upande ule, magunia yamepangwa yakisubiri lori. Aliposikia salamu aliinua uso kwa upande, kama wafanyavyo watu wa jicho moja. Kisha aliniona. Hakuitikia salamu. Alisimama, akaja, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya shavu langu.

"Hili jicho limefumba lini?"

"Leo asubuhi, baba," Tereza alijibu.

"Na mmekuja kwangu kufanya nini?"

"Mwambie, kaka," mama alisema. "Mwambie mwenyewe jinsi walivyokung'oa jino, jicho likafa."

Mjomba alimgeukia dada yake. "Nani alikwambia hivyo?"

"Wewe."

"Mimi nilisema waling'oa jino. Na nilisema jicho lilikufa. Kuyapanga mlipanga nyie."

Aliwafukuza kuku waliokuwa wanaparura kwenye makapi ya pamba.

"Jicho ndilo lililotangulia," mjomba aliendelea. "Lilifumba kama hili, usoni nimevimba kama huyu. Mtama ulikuwa shambani, nikasema nivune kwanza, ndege wasije wakamaliza. Nilipofika hospitali jicho lilikuwa limeshakwenda. Waliling'oa lile jino ili nisife mimi. Koleo halikuniua jicho, dada. Jicho liliondoka likisubiri mtama uingie ghalani."

"Miaka yote hii," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mbona hukusema?"

"Nani aliniulizaga? Mnaniitaga tu nigeuze uso watoto waone."

Sijawahi kusikia habari iliyonitia nguvu kama ile. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia, kichwa kinagonga kama ngoma, na ghafla nilielewa kwamba jicho langu bado lilikuwa njiani, halijafika lilikokwenda la mjomba. Bado lingeweza kuitwa likarudi. Nilisimama mwenyewe. Nilisema "twende" na likatoka neno.

Lori la pamba liliingia wakati ule ule. Dereva alishuka kuhesabu magunia ya mjomba, mjomba akamshika bega. "Magunia yangu yatasubiri. Mpandishe huyu kwanza, mpeleke Bunda. Usisimame njiani hata ukiitwa na mkweo."

Nililazwa juu ya shehena ya pamba. Maisha yangu yote nimesafiri, lakini sijasafiri hivyo: chini laini, juu anga tupu la kiangazi, Tereza amenishika mguu nisidondoke. Mama alikaa kando akiwa amejifunga kanga mdomoni kwa ajili ya vumbi.

Hospitali tuliyokwenda ni ya misheni, upande wa Bunda. Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa baraza, na nje yake kulikuwa na benchi refu. Ukitaka kujua usawa wa binadamu, kaa kwenye benchi la meno. Palikuwa na mwalimu amefunga taulo kichwani hadi kidevuni, palikuwa na mzee wa Kiislamu mwenye kofia ya kushonwa, muuza vitambaa wa mjini, na mama mmoja wa mashambani. Wote tulishika mashavu, na wote tuliulizana swali lile lile: "Ganzi ipo?" Maana miaka ya shida watu wa kwetu walishang'olewa huku wameshikwa mabega na ndugu. Kila aliyetoka mle ndani tulimkimbilia kwa macho. Lakini wote walitoka wameuma pamba, wamekatazwa kusema. Muuza vitambaa alipotoka, mwalimu alimwuliza, "Inauma?" Yule muuza vitambaa alitikisa kichwa, halafu akakiinamisha, halafu akaukunjakunja mkono kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa, akaenda zake. Tulibaki na hofu zaidi kuliko mwanzo.

Wauguzi waliponiona hawakuniacha nikae sana. Daktari alikuwa mama mfupi, mwenye mikono midogo, kwao Ukerewe. Nilipomwambia mimi ni mshona nyavu, alisema baba yake alikuwa na mtumbwi.

"Na uzi unakatia nini?"

Nilinyoosha kidole kwenye jino. Alivuta pumzi kwa pua.

"Kama baba yangu. Na yeye tulimzika hana hata moja la mbele."

"Daktari," mama alisema akiwa mlangoni, "usimng'oe jicho."

"Leo sing'oi hata jino, mama. Leo natoa usaha. Jino litangoja siku yake."

Nitakueleza lilivyofanyika, kwa sababu kinachotisha zaidi ni kutojua. Alinipaka kitu kichungu kwenye ufizi, halafu akachoma sindano ya ganzi, pole pole, mahali pawili. Alinionya kwamba kwenye usaha ganzi haikolei vizuri, nitasikia kidogo. Nilisikia, kweli, kwa muda wa kusema nusu ya Baba Yetu. Alipasua ndani ya mdomo, juu ya jino, si usoni kama nilivyodhani. Kilichotoka sitakieleza, ila nilichosikia ni uzito ukishuka, kama mtumbwi uliokuwa umejaa maji umeinuliwa upande mmoja. Kisha alichukua kipande chembamba cha mpira alichokikata kwenye glavu, akakipachika pale ili njia isizibe, akakifunga kwa uzi.

Nililiangalia lile fundo kwenye kioo chake kidogo kwa jicho langu moja. "Daktari, hilo fundo ni letu."

"Nani kasema ni lenu?" Alichukua mkasi akakata uzi.

"Mimi hapo ningekata kwa jino."

"Ndiyo maana wewe uko kwenye kiti na mimi nimesimama."

Nililazwa. Sindano za penisilini zilikuja asubuhi na jioni, kwenye tako, kila moja kama imechovywa kwenye pilipili, na nilizipokea kwa hamu ya mtu anayelipwa deni. Mtu wa kitanda cha jirani aliniuliza kwa nini nacheka nikimwona muuguzi. Nilijua tu kwamba kila sindano ilikuwa inaniletea jicho langu hatua moja karibu. Nilikuwa naliuliza kila nikiamka. Nililisukuma kope kutoka ndani kama mtu anayesukuma mlango wa ghala.

Mlango ulifunguka asubuhi, uji ulipokuwa unagawiwa. Kwanza ulikuja mstari mwembamba mwekundu. Mstari ukapanuka, ukawa mweupe, na ndani ya weupe ule pakatokea kitu cha bluu chenye maua ya njano. Niliangalia muda mrefu kabla sijaelewa kwamba ni kilemba cha mama. Alikuwa ameketi miguuni kwangu, ananiangalia, mkono mmoja amejishika shavu la kulia.

"Kilemba chako kina doa," nilimwambia.

Alikivua kilemba akajifunika nacho uso, mabega yakatikisika, na Tereza aliyekuwa anaingia na kikombe alidhani jicho limekufa, akaangusha uji wote sakafuni.

Siku ya kung'oa jino haikuwa kitu. Naapa. Safari hii ganzi ilikolea hadi puani, nikasikia kusukumwa na kuvutwa, hakuna maumivu, ni nguvu tu. Kabla ya kuanza nilimwuliza daktari kama hakuna namna ya kulishona. Alisema mzizi umepasuka urefu wake wote, na nyavu hushonwa ila mzizi haushonwi. Alinipa nilione: refu kuliko nilivyofikiri, la kijivu, na ule mfereji wangu mdogo wa miaka yote ubavuni. Nilisikia huruma. Lilifanya kazi kwenye mialo mingi kuliko watu wengi ninaowajua.

Baada ya hapo ni kuuma pamba na kufunga mdomo. Usiteme mate mara kwa mara, usiguse tundu kwa ulimi, usisukutue siku ile. Kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kwa upole. Vidonge nilipewa vya kumalizia nyumbani, na nilipojisikia mzima nikataka kuviacha, kwa kuwa mwezi ulikuwa umejaa na nyavu zilikuwa zinaningoja. Tereza alisimama mbele yangu kila mara na kikombe cha maji mpaka ameona koo limemeza.

Nilikuwa bado Nyasura nikipata nafuu nilipowaza juu ya wale wadudu wa Nyakato. Niliokota ndulele nyuma ya nyumba, nikakausha mbegu, nikachoma juu ya kigae, nikaweka beseni la maji. Mama alikuja kuona nafanya nini. Hatukuweka mdomo wa mtu yeyote pale. Moshi ulipanda, mbegu zikapasuka zikirukaruka, na tulipoangalia kwenye maji, walikuwepo, vidude vile vile vyeupe.

Mama aliinama akavitazama kwa karibu. "Na hawa wametoka kwenye jino la nani?"

"La beseni, mama."

Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka ghafla na akajishika shavu la kulia, na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekiona miaka mingi bila kukitazama. Mama anatafuna upande mmoja. Mama hanywi maji ya mtungini. Mama hujifunga kanga mdomoni hata pasipokuwa na vumbi.

"Mama, ni lipi?"

"La juu," alisema. "La jicho."

Nilitaka tuende siku ile ile. Alisema atafikiria. Nikamwacha afikirie, kwa sababu nilijua mwenyewe hofu ile inavyokaa.

Nilirudi kwa daktari mara kadhaa kabla vuli haijaanza. Alinikwangua ugaga, ule uchafu mgumu kama chokaa unaoganda shingoni mwa meno. Damu ilitoka, nikadhani ananiharibu, lakini wiki moja baadaye fizi zilikuwa zimekaza, na nilisikia ulimi wangu ukitelezea meno yangu kama mgeni kwenye nyumba iliyopigwa deki. Meno mawili ya nyuma yaliyokuwa na matundu madogo aliyaziba. Umeme ulikuwa umekatika, akavuta mashine ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani kabisa, akawa anakanyaga na kutoboa, anakanyaga na kutoboa, anaimba wimbo wa kanisani kwa kufuata mwendo wa mguu. Jino la bandia nilipata baadaye, limepachikwa kwenye kibao cha rangi ya ufizi. Mwanzoni nilikuwa napiga mluzi kila nikisema "Shabani," na Shabani alinifanya nimwite jina lake mbele ya wateja wote.

Siku hizi napiga mswaki asubuhi, na kabla ya kulala ndiyo siachi kabisa. Dawa ikiisha natumia mswaki wa mti na chumvi kidogo, hakuna neno. Shingoni nimetundika wembe uliofungwa kwenye kijiti. Vijana wa mwaloni walinicheka, wakasema mzee kaota meno ya maziwa. Wawili kati yao sasa wana nyembe zao.

Mvua za kwanza za vuli ziliponyesha, mama alituma salamu: nije.

Nilikaa naye kwenye lile benchi. Alikuwa amevaa kilemba cha maua ya njano, kimefuliwa. Alipoitwa, mlangoni alinigeukia, akaniangalia muda mrefu kwa macho yote mawili, kama anayetaka kubaki na akiba. Kisha akaingia.

Nilizunguka ile baraza kama kuku anayetaka kutaga. Mimi niliyejua kila hatua ya yanayofanyika mle ndani, niliyewaeleza wagonjwa wote wa benchi kwamba si kitu, nilikuwa nalowana jasho. Nilimsikia daktari akiongea, kisha nikasikia kitu kidogo kikidondoka kwenye sahani ya bati.

Mama alitoka ameuma pamba, mdomo umefungwa kwa amri ya daktari. Watu wote wa benchi walimkimbilia kwa macho. Hakuwajali. Alisimama ukingoni mwa baraza, akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akaifungulia dunia lile la kulia, lile la upande wa jino. Alinyoosha kidole kwenye mnara wa kanisa. Alinyoosha kidole kwa mbuzi aliyefungwa chini ya mwembe wa jirani, mbali kabisa. Alinyoosha kidole kwenye wingu. Watu wa benchi walikuwa wakifuata kile kidole huku na huku, na mmoja akaanza kupiga makofi bila kujua anapigia nini.

Kisha kidole kilikuja kwangu, kikasimama begani. Niligeuza shingo. Mshono wa shati langu ulikuwa umefumuka, uzi mmoja unaning'inia, mwembamba, hata mimi nilikuwa sijauona. Jicho lake liliuona.

Furaha ilinijaa kichwani, nikaukamata ule uzi, nikauvuta, nikainamisha kichwa na kuulaza kwenye meno.

Kofi lake lilinifikia kabla sijageuza kichwa.